Mtunza Ghala Aliyeingizwa Kwenye Hesabu

Kama umewahi kufika kwenye lile ghala la vifaa vya ujenzi, ukajaribu kutoka na koki moja tu ya sinki bila karatasi yake, basi Bwana Haitoki unamjua, na yaelekea hasira zako bado hazijapoa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo kwenye kitambulisho chake cha kazi, lakini hata waliomwajiri walishalisahau. Watu walimwita Haitoki kwa sababu ndilo jibu alilompa kila mtu.

Unajieleza, unabembeleza, unamtajia wakubwa unaowajua, yeye anapuliza chai yake tu. "Karatasi iko wapi? Huna? Basi haitoki." Meneja mwenyewe, mama wa watu, aliwahi kubeba rula ya ofisini kwenye mkoba akarudishwa akiwa ameshafungua mlango wa gari. Hakumwachisha kazi. Alirudi ofisini akacheka peke yake, kisha akaamuru Haitoki aongezewe kiti chenye mto.

Jamani, mtu yule alilipenda ghala! Asubuhi akifungua lile lango la bati, akayaona masinki ya choo yamepangwa safu kwa safu, mabomba yamelala kwenye rafu zake, ndoo za rangi zimebebana mpaka karibu na dari, alikuwa akisema "Hamjambo?" kwa sauti, na wala hakuwa akitania. Nyumbani kwao ndiko walikokuwa na kesi naye. Harusi ya dada yake, kitinda mimba wao, aliifikia watu wanaosha masufuria. Mazishi ya mjomba aliyafikia udongo umeshakauka. Kila mara kisa kilikuwa kimoja: kulikuwa na mzigo unaingia, au kulikuwa na mzigo unatoka. Mama yake alifika mahali akaacha hata kumlaumu. Alikuwa akisema tu, "Mwanangu yupo kazini," kwa sauti ile ile anayoitumia kusema kwamba mvua haijanyesha.

Basi kampuni ikanunua mfumo wa kompyuta wa kuendesha ghala. Watu wakakaa mkao wa kumcheka mzee. Walidhani atagoma, atasema mashine hizi mimi sizijui. Thubutu! Haitoki aliupenda mfumo kama mtu aliyeoa upya. Sababu ni rahisi: mfumo nao ulikuwa unakatalia watu vitu, na haukuwa na shemeji wala jirani wa kuuomba upendeleo. Kila bidhaa ilibandikwa stika ya mistari. Mlinzi wa getini alipewa skana ya kuisoma. Kizuizi cha geti kikaunganishwa na mfumo, kikawa hakiinuki mpaka mfumo ukubali kwamba kilichosomwa kimetolewa kihalali.

Tena yeye ndiye aliyeukaza zaidi. Fundi wa mfumo, kijana mmoja mpole aliyekuja na kompyuta begani, alitaka meneja awe na uwezo wa kufuta bidhaa iliyoingizwa kimakosa. Haitoki akaruka. "Kufuta ndiyo kuiba kwenyewe huko! Kitu kikishaingia kwenye hesabu, mtu asikifute kwa kidole. Kitoke kwa njia inayojulikana. Kiuzwe, au kihamishiwe ghala jingine, au kiharibiwe mbele ya mashahidi, au kirudishwe kwa aliyekileta. Basi." Fundi akasema makampuni mengine hayafanyi hivyo. "Sisi tunafanya," akajibu Haitoki, na meneja, kwa kuchoka, akakubali.

Siku ya mafunzo ikakosekana bidhaa ya kufanyia mazoezi, maana kila kitu kilikuwa kimeshabandikwa. Wafanyakazi wamesimama, fundi ana stika moja mkononi, anaangaza huku na huku. Haitoki akajitokeza kifua mbele. "Niingize mimi." Watu wakavunjika mbavu. Stika ikabandikwa nyuma ya kitambulisho chake, akaandikwa jina, aina, rangi na rafu anayokaa, mlio ukalia, na tazama, mzee akaonekana kwenye skrini katikati ya mipira ya kuzibia mabomba na mitungi ya maji. Alifurahi mpaka akaomba apigwe picha. Fundi alisema vitu vya mazoezi vitafutwa kabla mfumo haujaanza kazi rasmi. Fundi alisema mengi siku ile.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mama yake Haitoki alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alikuwa haoni ila vivuli. Madaktari wa macho kutoka mbali walikuwa wamepiga kambi hospitalini, na siku yao ya mwisho ilikuwa ndiyo ile ile ambayo mfumo ulianza kazi rasmi. Wakishaondoka, nani anajua watarudi lini. Na bibi huyo alikuwa ameshawagomea, kwa woga ambao hakutaka kuukiri. Alikuja kukubali kwa sharti moja: mwanawe wa kwanza asimame mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Asipokuwepo, haingii, hata wambebe juu juu. Haitoki alikuwa amemshika mkono akamwahidi. "Safari hii nakuja, Mama. Hata ghala liungue." Bibi aliitikia tu, "Haya, baba," lakini dada mtu aliuona uso wake ulivyong'aa.

Mchana ule Haitoki akavua koti la kazi, akanawa uso, akachana nywele mbili tatu alizobakiwa nazo, akaelekea getini mapema kabisa. Huko alikuwa mlinzi, bwana mrefu mkimya, mwanafunzi wake mwenyewe. Haitoki ndiye aliyemfundisha kutomwamini hata padri. Mlinzi akapokea kitambulisho, akakigeuza, akaona stika, akaielekezea skana.

Ikalia mlio mbaya. Taa nyekundu ikawaka. Kizuizi, kilichokuwa nusu kimeinuka kupitisha lori, kikashuka taratibu na kujifunga.

"Mzee," akasema mlinzi akitazama skrini yake ndogo, "kuna bidhaa hapa haijatolewa."

"Bidhaa gani? Mimi sina kitu." Haitoki akatoa mifuko nje yote miwili, ikaning'inia kama masikio.

"Ni wewe, Mzee. Umo kwenye hesabu."

Haitoki akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akabandua stika, akaifinyanga, akaitupa kwenye pipa la taka. Mlinzi akamtazama kwa huruma. "Stika imetoka, lakini bidhaa bado iko pale pale. Ulinifundisha mwenyewe. Mtu akibandua stika ndiyo tumkamate."

Ungekuwa wewe ungeinama ukapita chini ya kile kizuizi ukaenda zako. Hata mimi. Na Haitoki, usimwone vile, alianza kuinama. Goti likaalika ko! Mlinzi akamshika mkono, si kwa nguvu, kwa adabu kabisa. "Mzee wangu, usinivunjie riziki. Mfumo umeshapeleka taarifa kwa mkurugenzi kwamba kuna bidhaa iko getini bila kibali. Ukipita, mimi ndiye niliyeipitisha. Nina watoto." Nyuma ya Haitoki malori yalikuwa yameanza kupiga honi, na madereva aliowarudisha miaka yote kwa sababu ya karatasi walikuwa wameshuka kutazama. Mmoja aliketi juu ya mfuko wa saruji ili afaidi vizuri. Haitoki akajinyoosha, uso umemwiva kwa aibu.

Akampigia dada yake simu. "Nimezuiwa getini."

"Na nani?"

"Na mfumo."

Dada mtu akalipuka. "Kaka, leo? Hata leo? Mama ameshavaa! Amekaa kitandani na viatu miguuni tangu asubuhi anakuuliza wewe tu! Ungesema kuna mzigo unaingia tungeelewa, tumezoea!"

"Mzigo ni mimi!" Haitoki akapaza sauti, na wale madereva wakaangua kicheko.

Meneja akashuka mbio, kompyuta mkononi. Akampigia fundi wa mfumo, akamweka kwenye spika. Fundi akaomba radhi sana. Akasema angefuta sasa hivi kama si lile sharti kwamba hakuna anayeweza kufuta. Sharti lenyewe, akakumbusha kwa upole, liliwekwa na mzee. Lakini zipo njia za halali. Waanze na kuuza.

Meneja akabonyeza. Mfumo ukakataa bidhaa kutolewa bure, ukataka mnunuzi anayejulikana. Dereva wa lori la masinki ya choo akainua mkono: "Niongezeeni mimi, nitamketisha mbele." Wakaanza kumwandika. Mfumo ukatoa ushauri ambao meneja, kwa bahati mbaya, aliusoma kwa sauti: bidhaa hii haijasogea kutoka kwenye rafu kwa muda mrefu, inapendekezwa ipunguzwe bei.

"Nisipunguzwe!" Haitoki akasema. Kwa dakika ile alikuwa amesahau anakokwenda. "Niandikeni bei kamili au msiniuze kabisa! Miaka yote hii, leo niwe kama rangi iliyoganda?"

"Kwa bei kamili simchukui," akasema dereva, akamzunguka akimkagua. "Mtumba huyu."

Biashara ikafa hapo. Wakajaribu kumhamishia ghala la pili; ghala la pili likajibu kwamba limejaa na wao mtu wa aina hiyo wanaye tayari, anawatosha. Ikabaki njia ya kuharibika. Meneja akamtazama kuanzia utosini mpaka viatuni. "Mzee, una kasoro yoyote?"

"Goti," akasema Haitoki.

Akapandisha suruali, goti likapigwa picha. Mfumo ukafikiri kidogo, ukasema kasoro haionekani. Wakalipiga picha kutoka ubavuni, haionekani. Hatimaye mlinzi akamwambia akunje uso kwa uchungu, na picha ile ikapita. Kila mtu akashangilia. Kisha ikatokea hatua inayofuata, na meneja akaacha kushangilia. Bidhaa iliyoharibika ilipaswa kuvunjwavunjwa kwa nyundo mbele ya mashahidi wawili, ili mtu asije akaitoa kwenye pipa akaiuza. Na huo ulikuwa utaratibu wa Haitoki mwenyewe.

"Nyundo iko stoo ndogo," akasema mlinzi, akageuka kwenda kuichukua.

"We!" meneja akamkemea. "Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kuileta tu, Bosi. Sijasema tutaitumia."

Haitoki akakaa chini pale pale kwenye lami, mgongo kwenye nguzo ya geti. Ucheshi ulikuwa umekwisha. Akilini alimwona mama yake amekaa kitandani, viatu miguuni, anasema kwa sauti ile ya mvua kwamba mwanawe yupo kazini. Machozi yakamlengalenga. "Bosi," akasema, "mama yangu hataingia chumbani bila mimi. Madaktari wanaondoka. Atakufa haoni, na itakuwa ni mimi. Kila siku huwa ni mimi." Hata yule dereva wa kwenye mfuko wa saruji akashuka, akavua kofia.

"Imebaki kurudisha kwa aliyekileta," akasema meneja kwa sauti ndogo. Akaifungua ile sehemu. Akasoma, akamgeuzia Haitoki skrini. Pale panapoandikwa msambazaji, siku ile ya mazoezi, mfumo ulikuwa umegoma kuendelea bila jina na namba ya simu, na watu wakicheka, Haitoki alikuwa amesema aandikwe yule aliyemleta. Msambazaji: Mama. Namba ilikuwa ya kweli.

"Aje mwenyewe," fundi akasema kwenye spika, sauti imempanda. "Aikague bidhaa, aseme ameipokea katika hali gani, na aweke kidole kwenye skrini. Geti litafunguka."

Dada mtu aliposimuliwa hakuuliza swali hata moja. Alifika na teksi, akamshusha bibi taratibu, akamwongoza mpaka kwenye kizuizi. Bibi alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, kitambaa kichwani, na uso wa mtu aliyekuja kugombana. Haitoki akasimama upande wa ndani. Kile chuma chekundu na cheupe kikawa kati yao.

"Yuko wapi mwanangu mliyemfanya mzigo?"

"Nipo hapa, Mama."

"Wewe nyamaza, bidhaa haisemi." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akapeleka mkono juu ya kizuizi, akapapasa hewa, akalipata sikio. Akalivuta. Kutoka sikioni akapanda kichwani, akatafuta kisogoni mpaka akagusa kovu. "Hapa alianguka kwenye ngazi akitafuta sukari nilipoificha. Ndiye." Vidole vikarudi mbele, vikasimama juu ya upara. "Nilimleta na nywele. Nywele ziko wapi?"

Mlinzi akaangalia skrini yake kwa makini. "Mama, mfumo hauna sehemu ya nywele."

"Mashavu yalikuwa yamejaa. Huyu mmemkausha." Aliendelea kumpapasa, sasa taratibu, kwenye paji la uso, kwenye makunyanzi ambayo hakuwahi kuyaona kwa sababu macho yake yalikufa kabla hayajajichora. "Kumbe umezeeka, baba," akasema, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. "Umezeekea humu humu."

Haitoki akainamisha kichwa ili vidole vimfikie vizuri.

"Mama, naomba unitajie sababu ya kurudishwa," akasema mlinzi, ambaye kazi kwake ilikuwa kazi. "Kuna kasoro, kuna imezidi, kuna haikuagizwa."

"Andika nimemkumbuka."

Mlinzi akatafuta juu, akatafuta chini. "Hiyo haimo."

"Basi iwekeni!" bibi akasema kwa hasira. "Mashine kubwa hivi, mmeacha sababu kama hiyo?" Meneja, akiwa amegeuza uso pembeni anajifuta na kona ya mtandio, akamwambia mlinzi abonyeze 'nyinginezo'. Bibi akashikwa kidole, kikawekwa kwenye kioo. Ikalia sauti nzuri. Kizuizi kikainuka, madereva wakapiga honi zote kwa pamoja kama msafara wa harusi, na Bwana Haitoki akatoka.

Hospitalini waliwakuta madaktari bado wapo, na bibi akawekwa kwenye benchi la mwisho. Alikuwa amemshika mwanawe kidole kimoja, kile kidogo. Ikalia simu mkobani mwake. "Nisomee," akamwambia Haitoki. "Labda ni jirani."

Haikuwa jirani. Haitoki alisoma mara ya kwanza kimoyomoyo, kisha kwa sauti. "Ndugu msambazaji. Bidhaa yako imekwisha kwenye ghala letu. Tafadhali tuletee nyingine kama hiyo hiyo kabla ya kesho asubuhi."

Dada mtu akaziba mdomo kwa kiganja. Bibi akalipima ombi lile kama mtu mwenye biashara zake.

"Wanataka mwingine?"

"Ndiyo, Mama."

"Kama wewe?"

"Wamesema kama hiyo hiyo."

"Wajibu. Waambie kiwanda kilishafungwa. Yule alikuwa mmoja, na huyo mmoja nimewaazima muda mrefu kupita kiasi." Akafikiri. "Waambie kesho sina hakika kama atakuja. Itategemea na macho yangu yataamkaje."

Haitoki akaandika neno kwa neno, lakini herufi zilikuwa zinaogelea machoni mwake, ikabidi dada amsaidie kuituma. Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji bibi akaambiwa aachie kile kidole, akakiachia kwa shida. Mlango ukafungwa. Simu ya Haitoki ikaanza kutetemeka mfukoni, jina la meneja, akaizima.

"Upo?" sauti ya bibi ikatoka ndani.

"Nipo, Mama!"

Muuguzi akachungulia, akamwomba apunguze sauti, kuna wagonjwa wengine. Haitoki akaomba radhi, akajibana ukutani karibu kabisa na ule mlango. Punde bibi akauliza tena, na yeye akajibu kwa sauti kubwa zaidi.